Wenye Sauti Ndogo: Jioni ya Kutafuta Wadudu katika Mbuga za Illinois

Ifikapo mwisho wa Agosti, ndege wa mbuga za katikati ya Marekani huwa wamekwisha kunyamaza. Msimu wao wa kuimba hupita mapema, makinda huwa yamekua, na viota vimeachwa wazi. Hata hivyo jioni za mwezi huo zina makelele kuliko jioni zote za mwaka. Jua likianza kushuka, sauti hutoka chini ya nyasi, juu ya nyasi na katika vichaka vya pembezoni, nazo huongezeka kadiri giza linavyoingia. Wenye sauti hizo ni wadudu, na huo ndio wakati wao.

Juma hili ukurasa wa familia unawapeleka wasomaji wetu katika mbuga hizo. Wapo ndugu zetu wengi, wenye asili ya Tanzania, Kenya na Kongo, wanaolea watoto wao katika majimbo ya huko, na aghalabu watoto hao hulijua duka kubwa la mtaani kwao kuliko wanavyoijua nyasi iliyo nyuma yake. Nasi tuliobaki huku hatuko mbali nao katika jambo hilo. Mtoto wa Kiislamu husoma tangu udogoni sura zilizopewa majina ya nyuki na sisimizi. Ni wangapi kati ya watoto wetu wamewahi kumtazama sisimizi kwa muda wa dakika tano bila kumkanyaga?

Mbuga tunazozisema huitwa prairi. Jina hilo waliliacha Wafaransa waliofika huko karne ya 17, na katika lugha yao lilikuwa na maana ya uwanda wa malisho. Upande wa mashariki, ambako mvua ni nyingi, nyasi zake huwa ndefu mno. Nyasi iliyo maarufu kuliko nyingine humpita mtu mzima kimo ifikapo mwisho wa kiangazi, na mizizi yake hushuka ardhini zaidi ya mita mbili. Mizizi hiyo, ikifa na kuota tena kwa maelfu ya miaka, ndiyo iliyofanya udongo mweusi ambao leo unaotesha mahindi na soya za Marekani.

Udongo huo ulikuwa neema, nao ndio ulioiponza mbuga. Mwanzoni ulinata mno katika majembe ya kukokotwa, hata walowezi wengi wakaona heri walime penye miti. Mwaka 1837 mhunzi mmoja wa kijiji cha Grand Detour, jimboni Illinois, jina lake John Deere, alitengeneza plau kwa kipande cha msumeno uliovunjika. Chuma chake cha pua kilikuwa laini na cha kung'aa, udongo ukateleza juu yake wala usigande. Katika umri wa mtu mmoja tu, sehemu kubwa ya mbuga ikawa mashamba. Illinois peke yake ilikuwa na takriban ekari milioni 22 za prairi. Iliyosalia katika hali yake ya asili ni kiasi cha sehemu moja kati ya elfu kumi. Jimbo hilo hadi leo hujiita Jimbo la Prairi, nalo karibu halina prairi.

Ndiyo maana mahali tulipopachagua pana historia ya kushangaza. Takriban kilomita 80 kusini-magharibi ya mji wa Chicago, karibu na Joliet, pana eneo liitwalo Midewin. Wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kiwanda kikubwa cha jeshi, kilichotengeneza baruti ya TNT na kujaza mabomu. Kazi ya kiwanda ilipokoma, ilibaki ardhi pana iliyozungushiwa ua. Mwaka 1996 ilitolewa sheria ya kuigeuza kuwa hifadhi ya taifa ya nyasi ndefu, yenye zaidi ya ekari 18,000. Jina Midewin ni la lugha ya Wapotawatomi, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, nalo lahusiana na chama chao cha waganga. Mbegu za mimea ya asili zinapandwa upya huko, kipande kwa kipande, na mwaka 2015 waliletwa nyati wa Marekani ili wale nyasi kama walivyokula wahenga wao. Maghala ya zege yaliyohifadhi baruti bado yapo, yamefunikwa udongo, na nyasi zimeota juu ya mapaa yake. Juu ya nyasi hizo nyenje wanalia.

Wakati ufaao wa kuingia mbugani ni baada ya Alasiri, jua likiwa limepoa. Mwishoni mwa Agosti Magharibi huingia huko takriban saa moja na nusu jioni, kwa hiyo familia hupata saa mbili hivi za mwanga. Mavazi yetu ya stara hufaa sana kwa safari hii: mikono mirefu, suruali au gauni refu lenye suruali ndani yake, na soksi zilizovutwa juu ya miguu ya suruali. Kupe wapo, na baadhi yao hueneza maradhi. Nguo za rangi hafifu huwaonyesha upesi, na kila mtoto hana budi kukaguliwa arudipo nyumbani, hasa nyuma ya masikio na chini ya nywele. Mbu wa majira hayo nao hawapuuzwi. Watu hutembea katikati ya njia, hutazama, na hawaondoki na kitu.

Kwanza kabisa macho huvutwa na maua ya manjano ya solidago, yanayochanua mbuga nzima wakati huo. Wengi huyashutumu kwa kuwapigisha chafya, kumbe chavua yake ni nzito na yenye kunata, haipeperuki. Mkosaji ni mmea mwingine, wenye maua ya kijani yasiyoonekana, uchanuao wakati huo huo. Msogelee solidago polepole, nawe utakuta soko. Wapo mbawakawa wa rangi ya chungwa wenye alama nyeusi mgongoni, wakila chavua. Wapo nyigu wembamba na nzi waliojivika milia ya nyuki ili waogopwe.

Baadhi ya matawi yake, jioni ikiisha, huwa na nyuki wanene wenye manyoya walioganda bila kutikisika. Mtoto hudhani wamekufa. La, wamelala. Hao ni madume. Wametoka katika viota vyao wala hawarudi tena, basi hulala juu ya ua lolote walilolifikia jua linapozama. Baridi kali ikija watakufa, na watenda kazi pamoja na malkia mkongwe watakufa vilevile. Watakaovuka mwaka ni malkia wachanga tu, kila mmoja peke yake ndani ya shimo dogo ardhini. Kizazi kizima hutegemea hao wachache. Mwaka 2017 serikali ya Marekani iliingiza aina moja ya nyuki hao, mwenye baka la rangi ya kutu mgongoni, katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Zamani alikuwa wa kawaida kabisa.

Katika shina la solidago huenda mkaona kinundu cha mviringo, kama gololi iliyomezwa. Ndani yake mna buu wa nzi mdogo, na hiyo ni nyumba yake ya majira ya baridi. Kabla ya baridi kuanza, buu huyo huchimba njia kutoka katikati ya kinundu hadi karibu na ngozi ya nje, kisha huisimamisha hapo na kurudi ndani kulala. Sababu ni kwamba atakapogeuka nzi, majira ya machipuko, hatakuwa na kinywa cha kutafunia. Mlango hauna budi kuchimbwa mapema, na yule mwenye meno, kwa ajili ya yule atakayekuwa hana.

Kisha yupo kipepeo mfalme, wa rangi ya chungwa na mistari myeusi. Msomaji wa Afrika Mashariki akimwona atasema anamjua, na hatakuwa mbali na ukweli, kwa kuwa binamu yake, mwenye rangi ya chungwa na ncha nyeusi za mbawa zenye madoa meupe, hupepea katika bustani zetu za huku. Viwavi wa ndugu hao wawili hupenda mimea ya ukoo mmoja, yenye utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo una sumu, nayo sumu humlinda kipepeo asiliwe na ndege. Huyo wa Marekani hali jani jingine kabisa. Pasipo mmea huo, hapana kipepeo.

Vipepeo wafalme wanaozaliwa kiangazi huishi majuma machache tu. Wale wanaotoka mwishoni mwa Agosti ni wengine. Hawatagi mayai, huruka kwenda kusini hadi milima ya Mexico, safari inayoweza kufika kilomita 4,000 na zaidi, na huko hukaa kwa mamilioni wakiwa wameifunika misonobari kama majani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufika huko kabla. Wanasayansi hawakupajua mahali hapo hadi mwaka 1975. Mmea wa maziwa umefyekwa na kuuliwa kwa dawa katika mashamba mengi, na Desemba 2024 mamlaka ya wanyamapori ya Marekani ilipendekeza kipepeo huyu naye apewe hifadhi ya kisheria. Ukimwona jioni amekunja mbawa juu ya tawi, basi mtazame vizuri. Huenda kesho asubuhi ameondoka.

Magharibi ikiingia, familia hutandika mikeka penye nyasi fupi karibu na maegesho na kuswali. Baada ya hapo kazi ya macho hupungua, ikaanza ya masikio.

Wanaolia usiku ni nyenje, panzi na jamaa zao. Hawalii kwa kinywa. Dume hupitisha ubawa mmoja juu ya mwingine. Mmoja una meno madogo kama ya tupa, mwingine una ukingo mgumu, na msuguano wao ndio sauti tunayoisikia. Majike ya aina nyingi hunyamaza na kusikiliza. Nayo masikio yao yako mahali ambapo mtoto hatapabahatisha hata akijaribu mara kumi: katika miguu ya mbele, chini kidogo ya goti.

Kuna nyenje mmoja wa vichakani, mwembamba, wa rangi ya kijani iliyopauka, ambaye hulia kwa mapigo yaliyolingana kama ya saa. Mwaka 1897 mwalimu wa fizikia aliyeitwa Amos Dolbear aliandika makala kuonyesha kwamba nyenje aweza kutumika kama kipimajoto. Mdudu hana joto lake mwenyewe mwilini. Hewa ikiwa vuguvugu misuli yake hukimbia, ikipoa nayo hulegea. Kanuni ni nyepesi. Hesabu milio kwa sekunde 14, kisha ongeza 40, utapata joto la hewa kwa kipimo cha Farenhaiti. Anayetumia Selsiasi ahesabu kwa sekunde 8 na kuongeza 5. Ikiwa umesikia milio 30 katika sekunde 14, joto ni takriban 70 za Farenhaiti, yaani kama 21 za Selsiasi. Mpe mtoto saa na simu yenye utabiri wa hewa, alinganishe mwenyewe. Hesabu hii imewahi kumtuliza kijana asiyetulia mbele ya hesabu ya darasani.

Katika matembezi ya namna hii tuliongozana na familia tatu zenye asili ya Afrika Mashariki. Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja mzaliwa wa Kagera, aliyehamia huko kuishi na mwanawe. Njia nzima alikuwa kimya. Wajukuu walizungumza Kiingereza kwa kasi, na kila walipotaka kujua jina la mdudu waliiuliza simu. Giza lilipokolea, ikasikika sauti kutoka katika nyasi, ya haraka na ya kukatakata, kama cherehani ikishona nguo nene. Bibi akasimama.

"Hiyo ni nini, Bibi?" akauliza mjukuu wa kiume, wa miaka tisa hivi.

"Nipe tochi," akasema. Akaiweka karatasi nyekundu tuliyokuwa tumeifunga kwenye kioo chake, ili mwanga usiwatishe, akainama na kumulika shina moja baada ya jingine. Hakuchukua muda. Juu ya jani alikuwapo mdudu wa kijani, mrefu kama kidole, kichwa chake kimechongoka kama ncha ya penseli. "Nsenene," akasema kwa Kihaya, kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani wa zamani ugenini. Kisha akacheka: "Amefikaje huku?"

Bibi hakukosea sana. Wadudu hao wa Illinois si senene wenyewe, bali ni wa ukoo wao wa karibu. Wana kichwa kile kile kilichochongoka, na kama senene wetu, wako wa kijani na wako wa kahawia ilhali ni wa aina moja. Jike lake hubeba nyuma kitu kama upanga mrefu, ambacho watoto hukiogopa bure, maana ni chombo cha kupandia mayai. Bibi aliwaeleza wajukuu jinsi senene wanavyoshuka katika msimu wa mvua, jinsi taa kali na mabati yanavyosimamishwa usiku ili wateleze na kuangukia mapipani, jinsi wanavyonyofolewa mbawa na miguu, kisha wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe pamoja na chumvi. Watoto walimzunguka. Kijana yule aliirudisha simu mfukoni, na hadi tunafika kwenye magari alikuwa akimuuliza bibi yake maswali kwa Kiswahili, akikosea na kusahihishwa.

Tumeyasimulia hayo kwa kuwa wazee wengi waliohamia ugenini huonekana nyumbani kama wageni wasiojua lolote. Hawajui basi linapita wapi, hawaisomi barua ya shule. Lakini elimu ya nyasi, ya usiku na ya viumbe wadogo wanayo, na haikuwapotea uwanja wa ndege. Inangoja tu kuulizwa.

Lipo jambo moja zaidi ambalo familia hazina budi kuzungumza njiani zinaporudi, nalo ni la nzige. Katika nyanda za magharibi ya Illinois, kati ya miaka ya 1873 na 1877, makundi ya nzige wa Milima ya Rocky yalifunika anga. Mwaka 1875 daktari mmoja wa Nebraska, Albert Child, alipima kasi ya kundi lililopita juu ya mji wake na siku lililochukua kupita, akapiga hesabu kwamba upana wake ulikuwa kama maili 110 na urefu wake maili 1,800. Walikula ngano, walikula majani ya miti, walikula hata sufu iliyokuwa migongoni mwa kondoo. Wasomaji wetu wa Kenya na wa kaskazini mwa Tanzania, waliowaona nzige wa jangwani mwaka 2020 na 2021, hawahitaji kuelezwa hofu hiyo.

Miaka isiyofika 30 baada ya kundi lile, nzige hao walikuwa wamekwisha. Wa mwisho kukusanywa hai walipatikana Kanada mwaka 1902. Hakuna aliyewapiga vita wakaisha. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba, baina ya mafuriko na mafuriko, nzige wale walikuwa wakirudi na kutaga mayai katika mabonde machache ya mito milimani, na mabonde hayo hayo ndiyo walowezi waliyoyachagua kulima, kuchunga na kumwagilia maji. Mamilioni ya mamilioni yalikuwa na mzizi katika ardhi ndogo, na plau iliufikia mzizi bila mwenye plau kujua.

Hakuna mkulima aliyewalilia nzige, wala sisi hatumtaki mtu awalilie. Lakini kisa hicho kinatufundisha kitu kuhusu vile tusivyovichukia. Kuwa kitu ni kingi leo si dhamana kwamba kitakuwapo kesho. Prairi ilikuwa nyingi. Nyuki mwenye baka la kutu alikuwa wa kawaida. Tembo akitoweka dunia hupata habari. Mdudu akitoweka, huwa tu kuna jioni moja yenye sauti pungufu, na anayeweza kuligundua hilo ni yule aliyekuwa akisikiliza tangu zamani. Ardhi tumekabidhiwa kama amana, na mwenye kukabidhiwa amana hana budi kwanza kujua ni vitu gani vilivyomo ndani yake.

Kwa hiyo tunazishauri familia zifanye mambo matatu, na hayahitaji fedha. Kwanza, msiifyeke kila nyasi ya uani. Acheni kona moja iote maua ya asili ya mahali mlipo, na mashina makavu yaachwe yasimame, kwa maana wadudu wengi hulala ndani yake. Pili, usiku mmoja tundikeni shuka jeupe ukutani na kuwasha taa mbele yake. Iwe ni Joliet au Tanga, nondo na mbawakawa watakuja, na watoto watahesabu aina wasizowahi kuzidhania. Mkimaliza, zimeni taa ili wageni wenu waende zao. Tatu, mketini na mzee wa nyumba, mumuulize wadudu wa utotoni mwake waliitwaje, walilia vipi, na ni wepi ambao hawaoni tena.

Majibu hayo yaandikwe katika daftari la mtoto, kwa mkono wake mwenyewe: tarehe, mahali, saa, na sauti zilizosikika. Kurasa za kwanza hazitakuwa na la ajabu. Mwaka utakaofuata, usiku wa tarehe ile ile, mtoto na afungue daftari, asome alichosikia, kisha atoke nje asikilize tena.